Kinu Kilichorudi Uani

Mama amenipigia simu kutoka Uvira, na tangu hapo sijatulia. Alisema wote ni wazima, alisema Mungu iko, alisema nisijisumbue. Lakini nyuma ya sauti yake kulikuwa kimya, na ilikuwa jioni, saa ya kutwanga sombe. Wewe mwenzangu uliyekulia kwingine utaniuliza, kimya kina ubaya gani? Ngoja nikueleze.

Kwetu Kasenga, mtaa wa hukohuko Uvira, nilipokuwa mdogo, sombe haikupikwa kwa siri. Majani ya muhogo lazima yatwangwe, na kinu husikika hadi barabarani. Jirani akisikia, anakuja na majani yake, anapokea mchi, mnatwanga pamoja na kugawana. Mawese yananukia, moshi unawasha macho, ndagala, dagaa wa ziwani, zinakaangwa kando, nasi watoto tunagombania kulamba mwiko. Asiye na kitu naye alikuja, na hakuulizwa neno. Hakuna aliyeiita sadaka.

Kisha vita. Watu wa bondeni, wa Luberizi na Runingu, walikimbilia mjini wakajaa katika shule yetu, wakawa wanalala chini ya madawati. Sisi tulikuwa na bahati. Nyumba ilikuwa bado imesimama, na chini ya kitanda cha bibi kulikuwa na gunia la unga. Hapo ndipo mama alipoanza kuogopa. Wenye bunduki nao wana masikio, wakisikia mchi wanajua pana chakula. Akaingiza kinu chumbani, akakitandikia godoro, tukawa tunatwanga taratibu na mlango umefungwa. Jirani naye vivyo hivyo. Mtaa mzima ukanyamaza, kila nyumba ikidhani nyingine haina kitu. Wale wa shuleni wakaacha kuja.

Bibi alivumilia siku chache tu. Mchana mmoja akakikokota kinu hadi uani.

"Mama, batatusikia!" mama alilia.

"Basikie! Na bale bako ku masomo basikie pia. Batoto babo bako na njaa, miye nikule mulango imefungwa? Hapana!"

Akatwanga. Kila pigo lilinigonga kifuani. Macho yangu yalikuwa langoni, nikingoja buti. Walioingia walikuwa wanawake wa shuleni na mabakuli yao, watoto mgongoni. Chakula hakikutosha, ng'o! Nilibaki na njaa, nikanuna kwelikweli. Lakini hatujamaliza kula, ng'ambo ya ukuta mchi wa jirani ukaanza, kisha mwingine kule chini, upande wa ziwa.

Usidhani mambo yaliisha vizuri. Wenye bunduki walikuja, wiki ileile. Walibeba gunia, na kinu wakakipasua kuni. Mama alimtazama bibi, na bibi, mwanamke yule mkali, aliinama akaokota vibanzi vya kinu. Tulikaa uani bila moto, nikawaza kwamba sasa tumekwisha. Ndipo jirani alipoanza kutwanga.

"Simama, mujukuu," bibi akasema. "Beba sahani."

Bibi hayupo tena, wala ile nyumba. Mimi naishi mbali, kwenye jengo refu, na sombe nainunua dukani ikiwa imeshasagwa na kugandishwa. Friji langu limejaa. Hakuna anayenisikia nikila, na wenye njaa wa dunia hii nami siwasikii, labda nifungue redio, na mara nyingi naizima. Hilo linanitisha kuliko zile buti. Gunia sasa liko chini ya kitanda changu mimi.

Jana nilishindwa kuvumilia, nikampigia mama tena.

"Na ku masomo, kuko batu?"

"Wee! Kumejaa."

"Na nyinyi munatwanga?"

Akashusha sauti.

"Tunatwanga, mwanangu. Lakini mu chumba."