Nukta Chini ya Taji

Kwetu Tanga fedha yoyote huitwa hela, na wengi wanaolitamka neno hilo kutwa nzima hawajui kwamba hela zilikuwa vipande vya kweli, vya wakati wa Mdachi, yaani Mjerumani. Mimi nilijua, kwa sababu kimoja kilikaa kwenye rafu ya sebule yetu Nguvumali, baina ya mrashi na dele la kahawa. Kilikuwa kipande cha hela ishirini, katika vile vilivyogongwa Tabora wakati vita vya kwanza vilipofunga njia ya bahari na benki ya Mdachi ikakosa sarafu za kutoa. Upande mmoja kilikuwa na taji na mwaka, upande wa pili namba ishirini na neno HELLER baina ya vitawi viwili vya majani. Baba yangu alikuwa mmoja wa mafundi wa karakana ya reli waliochonga mihuri ya chuma iliyogonga vipande hivyo. Ni jambo pekee alilowahi kujivunia mbele yetu, na hata hilo alilisema mara chache.

Katikati ya miaka ya hamsini nilikuwa nafundisha shule ya wasichana. Siku moja tukaletewa mgeni, Mzungu aliyestaafu uhandisi kwenye shamba la mkonge, akahamia Ras Kazone na kujipa kazi mpya ya kuwa bingwa wa hela za Tabora. Jina lake nalijua vizuri na sitaliandika. Alikuja na sanduku la mbao lenye droo nyembamba na kioo cha kukuzia, akawaeleza watoto wa miaka kumi na miwili, kwa Kiswahili cha kuamrishia wakata mkonge, kwamba hela ishirini si za namna moja. Ziko zenye taji kubwa na zenye taji dogo. Katika neno HELLER ziko ambazo ncha za herufi L zimechongoka, ziko ambazo zimejikunja zote mbili, na ziko ambazo L ya pili tu ndiyo iliyojikunja. Kila mchanganyiko alikuwa ameupa alama yake katika daftari, na alipozitaja alama hizo alifumba macho kama mtu anayeonja halua.

Mtoto mmoja wa mbele akauliza kwa nini zisifanane, ikiwa zote ni hela ishirini. Lilikuwa swali zuri kuliko hotuba nzima. Bwana yule akacheka, akasema mafundi wa Kiafrika hawakuwa makini, walichonga ovyo, na ovyo wao ndio unaompa yeye raha leo. Wasichana wangu wakaliandika neno hilo, "ovyo", kwenye madaftari yao, kwa sababu mimi mwalimu wao nilikuwa nimewaambia waandike kila atakalosema mgeni. Nilimpigia makofi mwishoni. Nasema haya ili mtu asidhani dharau yangu yote ni kwa Wazungu.

Nyumbani nikamsimulia baba kama kichekesho. Alikuwa anakaribia miaka sabini, mtoto wa jicho amekwisha kumfunika jicho moja na la pili linaanza. Hakucheka.

"Ovyo?" akasema. "Chuma chenyewe tulikichonga kutoka mabaki ya gari la moshi. Muhuri ukigonga siku mbili tatu unapasuka, unakatwa mwingine. Mkono wa huyu si mkono wa yule. Wa taji dogo alikuwa fundi mwenye mkono wa kubana, hata kuandika aliandika vidogo. Ovyo iko wapi hapo, mwanangu?"

Kisha akanieleza jambo ambalo hakuwahi kulisema. Kila fundi alitia alama ndogo kwenye muhuri wake, ili ukirudi kunolewa usiangukie mikononi mwa mwenzake. Yeye alitia nukta, chini ya taji, upande wa kushoto. Kilichochomwa ndani ya muhuri hujitokeza juu ya hela, kwa hiyo kila hela iliyotoka kwenye muhuri wake ilikuwa na kichembe kilichoinuka, kidogo kuliko punje ya mtama. Hela iliyokuwa rafuni ilitoka kwenye muhuri huo. Ndiyo sababu aliiweka.

"Nipeleke kwa huyo bwana," akasema. "Nataka aione nukta yangu kwa kioo chake. Nataka aandike kwamba ile ni alama ya fundi, si ovyo. Sitaki kingine kwake."

Nikapeleka salamu, tukapewa siku. Asubuhi ya siku hiyo nikafanya ambalo mwanamke yeyote wa kwetu angelifanya. Huingii nyumbani kwa mtu na kitu cha shaba kilichofifia. Ni aibu kwako na kwa aliyekulea. Nikachukua ndimu, majivu na mchanga laini wa pwani, nikakaa kibarazani nikaisugua ile hela hadi ikawaka. Kazi hiyo niliijua tangu utoto. Kila kulipokaribia Idi mama alinikabidhi vyombo vyote vya rafuni, dele, mrashi na sinia, nami nikavisugua, na hela ya baba pamoja navyo. Idi mbili kila mwaka, zaidi ya miaka ishirini. Hata nilipoolewa na kurudi nyumbani niliendelea. Watu waliotutembelea waliisifu hela yetu kwa mng'ao wake, nami nilivimba kichwa.

Ras Kazone tulipokelewa na mbwa kwanza. Nilimwamkia bwana yule shikamoo kwa sababu ya umri wake na malezi yangu, akanijibu "Jambo." Baba yangu akamwita "mzee" tu, mimi akaniita "mwalimu"; majina yetu hakuyauliza. Mbwa ndiye aliyetambulishwa kwetu kwa jina, tena mara mbili, na tukaelezwa hata mama yake alikuwa nani. Tukaketi kwenye viti vya kamba barazani. Chai haikuja.

Nikaifungua leso, nikamwekea hela mezani. Aliitazama akaguna.

"Nani amefanya hivi?"

"Nimeisafisha, bwana."

"Umeiua," akasema. "Hii sasa ni kifungo cha koti."

Hata hivyo akaiweka chini ya kioo, akaizungusha, akaizungusha tena. Taji kubwa, alisema, L zimelika hata hazisomeki. Baba akamwambia atazame chini ya taji, kushoto. Akatazama. Akasema hapana kitu. Baba akasema ipo. Akaichukua, akapitisha ukucha wa kidole gumba chini ya taji, polepole, akarudia. Nilimwona anatafuta. Kisha akaacha kutafuta, akabaki ameishika tu. Mzungu alikuwa akimtazama kwa tabasamu la mtu mzima anayesubiri mtoto amalize uongo wake, na mimi nikatamani ile baraza ipasuke initie ndani. Ile nukta niliikwangua mimi. Niliikwangua kila Idi, kwa majivu na mchanga, huku nikisifiwa.

Baba hakunitazama wala hakunilaumu, na mpaka leo hilo linaniuma kuliko kama angelinikaripia. Alimwomba bwana yule ruhusa ya kuzishika hela zake. Yule, kwa kujionyesha, akatoa droo nzima, akazimwaga juu ya kitambaa, akasema zipo za kila namna na kuzitenga kwa kioo humchukua asubuhi nzima. Baba akavuta kiti. Jicho lake lilikuwa halimsaidii kitu, kwa hiyo aliligeuzia bustanini kabisa, akafanya kazi kwa ukucha. Anagusa taji, anageuza, anagusa L ya kwanza, anagusa ya pili, anaweka. Taji kubwa huku, taji dogo kule, ncha kali hapa, ncha za kujikunja pale. Hata mbwa alikuwa hajabadili ubavu na marundo yalikuwa yamekwisha kutengwa. Bwana yule alizikagua moja moja kwa kioo chake na daftari lake, akitafuta kosa kwa bidii ambayo sijaiona hata kwa mkaguzi wa shule. Hakulipata.

"Na zile?" baba akauliza, akionyesha kibati cha biskuti kilichokuwa kando. Alikuwa amesikia mlio wake kiliposogezwa.

Zile ni mbovu, akaambiwa, zenye kasoro, za kubadilishana na wajinga. Baba akatia mkono ndani ya kibati. Ya nne aliyoigusa aliishika muda mrefu, kisha akanikabidhi mimi, si Mzungu. Nukta ilikuwepo, chini ya taji, kushoto. Zikatoka tatu za namna hiyo, na nukta zote tatu zilikaa mahali pamoja.

"Kutu," akasema Mzungu. "Muhuri uliliwa na kutu."

"Kutu gani hiyo ya duara?" baba akamjibu kwa upole. "Hiyo ni yangu, bwana. Niliichoma kwa msumari wa chuma cha pua, siku ya pili ya mvua."

Ndipo daftari likafunguliwa. Aliuliza mambo chungu nzima na mimi nikasaidia kufasiri pale Kiswahili chake cha shambani kilipomwishia. Muhuri ulidumu siku ngapi, walikuwa mafundi wangapi, mashine ilikuwa ya nini kabla ya hapo, shaba ilitoka wapi. Baba alijibu yote, mgongo umenyooka, sauti imempanda kama kijana. Tulipoaga alitushika mikono. Njiani baba alisema, "Ataandika. Umeona alivyokuwa akiandika?" Nikamwambia nimeona.

Niongeze hapa kuhusu mji wetu, maana nao una fungu lake. Habari zilipoenea kwamba Mzungu wa Ras Kazone anapenda L zilizojikunja, haukupita mwezi mafundi bati wa Ngamiani wakawa wanazikunja kwa patasi. Watu waliomcheka baba yangu kwa kupoteza siku nzima kwenda kuonyesha hela bure walipanga foleni kwenye lango la bwana yule na L zilizopinda kama mikia ya paka. Alizinunua kadhaa, nasikia akazipa alama yake pia. Huo ndio ubingwa.

Ulipita zaidi ya mwaka. Jicho la pili la baba likafunga kabisa. Kila nilipotoka kazini aliuliza kama kuna karatasi yoyote imekuja, na kila siku nilimjibu bado. Hakuwa mtu wa kuulizauliza. Kwa jambo hilo aliuliza.

Hatimaye likaja shuleni jarida jembamba la Kiingereza, la watu wanaokusanya sarafu, limetumwa na mwandishi mwenyewe ili walimu wamwone alivyo bingwa. Nililisoma nimesimama. Yote yalikuwemo: muhuri unaopasuka, mabaki ya gari la moshi, mkono wa kubana, hata msumari wa chuma cha pua. Nukta chini ya taji ilikuwa imepandishwa cheo kutoka kibati cha biskuti, imekuwa namna mpya isiyojulikana duniani, iliyogunduliwa na mwandishi baada ya uchunguzi wa miaka mingi kwa kioo. Na kwa kuwa kila namna lazima iwe na jina, alikuwa ameipa jina lake mwenyewe. Fundi hakutajwa. Hata "mzee mmoja wa Tanga" haikuwemo. Kilichonikasirisha zaidi ni kwamba ameandika vizuri.

Nikaenda nalo nyumbani. Nilikusudia kumwambia baba ukweli, na njia nzima nilikuwa nikiupanga. Nilipofika alikuwa ameketi kibarazani, akasikia karatasi mkononi mwangu kabla sijavua viatu.

"Imekuja," akasema.

Nikaketi chini karibu na magoti yake, nikamsomea kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, tafsiri ya haki kabisa. Alikuwa akitikisa kichwa kwa kila jambo alilolitambua. Nilipofika penye nukta nikasoma kwamba alama hiyo ilitiwa kwa makusudi na fundi stadi wa karakana ya reli, na kwamba kuanzia sasa hela hizo zitaitwa kwa jina lake. Kisha nikalisoma jina la baba yangu, na la baba yake, na la babu yake, kama lilivyoandikwa kwenye cheti cha ndoa yangu, kwa sauti ileile niliyosomea yaliyotangulia.

Jirani alikuwa anatwanga, akapumzika, akaanza tena.

"Yule Mzungu hakuniuliza jina," baba akasema.

Akanyoosha mkono akalichukua jarida, akaliweka juu ya paja, akapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya ukurasa, polepole, kutoka kushoto kwenda kulia, kama alivyozipitia zile hela. Kisha akanirudishia.

"Soma tena," akasema. "Hapo penye jina."