Neno la Kabla ya Meno

Dukani walimwita Sungura, naye aliitika bila kununa, maana ni yeye aliyejitakia kwa kumtaja sungura kila siku. Alikuwa binti wa miaka ishirini na mitatu, mchapaji katika duka la kutoa kopi. Vidole vilichapa barua za watu huku akili imekwenda zake kwenye ngano za kale. Bwana mmoja alirudi mara tatu kubadilisha barua yake ya kuomba kazi; asubuhi alitaka udereva, mchana ukarani, alasiri akataka vyote viwili. Sungura alimchapia bila kinyongo, kisha akaandika kwenye daftari lake dogo: "Leo nimemwona fisi wa njia panda. Amevaa tai."

Madaftari ya namna hiyo alikuwa nayo tisa. Ngano kumi na moja alizozisikia utotoni alikwisha kuziandika vizuri, na sasa zingekuwa kijitabu, cha kwanza maishani mwake. Mwenye duka, mzee mkali kwa wateja wanaoondoka na kalamu zake lakini laini kwa wafanyakazi, alimpa karatasi ngumu arobaini za jalada, masalio ya kazi ya kadi za harusi.

"Ndizo hizo, hakuna nyingine," alimwonya. "Ukikosea, utajalidi kwa magazeti."

Sungura alihakiki jalada mara nne kabla ya kubonyeza. Majalada yalitoka safi siku ya Alhamisi, herufi kubwa za buluu: THITHIKWATHITHI.

Neno hilo lilitoka katika ngano moja ya bibi yake. Mama anakwenda shambani, anawafungia watoto ndani, anawaambia wasimfungulie asiyesema neno lao. Zimwi linajificha nyuma ya nyumba, linalisikia, linakuja kubisha hodi, linajaribu kulisema, linashindwa. Katika maneno yote ya bibi, hilo Sungura alilipenda kuliko mengine. Aliuliza maana yake kwa wateja wazee, wakatikisa vichwa. Mwalimu mmoja mstaafu aliyekuja kutoa kopi za vyeti alifumba macho, akasema linanukia ukale. Basi Sungura akaandika utangulizi wa nusu ukurasa kueleza kwamba ni neno la kale ambalo maana yake imepotea. Mtu mmoja tu hakumuuliza: bibi mwenyewe, kwa kuwa kitabu kilikuwa zawadi yake, na zawadi haipigiwi mbiu.

Lakini uvumilivu ulimshinda. Kurasa za ndani zilikuwa za kuchapwa kesho yake, naye jioni ile akabeba jalada moja, akaingia chumbani kwa bibi.

Bibi alikuwa kitandani, ungo mapajani, akichambua maharage. Mwezi uliopita mjomba alimpeleka kutengenezewa meno, baada ya miaka thelathini ya ufizi mtupu, na tangu hapo alikuwa akitafuta visingizio vya kucheka.

"Karibu, mke mwenzangu. Umeniletea nini?"

"Kitabu chako, bibi. Kwa sasa ni jalada tu."

"Nisomee, macho yangu yamestaafu."

Sungura akasoma jina kwa madaha. Bibi akakunja uso.

"Ndiyo nini hiyo? Dawa?"

"Neno lako, bibi! La watoto na zimwi."

"Langu?" Bibi akaweka ungo kando, akaanza kuimba polepole, kama anayetafuta njia gizani: "Wanangu fungueni, ni sisi kwa sisi..."

Sungura akalishusha jalada. Akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Bibi, umebadilisha neno."

"Sikubadilisha neno. Nimebadilisha meno."

Bibi akacheka mpaka maharage mawili yakadondoka. Sungura hakucheka. Maneno mengine yote ya bibi aliyasikia pia kwa watu wenye meno, akajirekebisha. Hili lilikuwa la bibi peke yake, na hakuwa na pa kulilinganishia. Sasa alikuwa na majalada arobaini yenye pengo la bibi juu yake, na mwalimu mstaafu ameshaahidiwa nakala.

"Watanicheka," alisema.

"Na zimwi ulilifanyaje?"

"Nimeandika lilishindwa kusema kwa sababu lina ulimi mzito."

"Ulimi mzito nilikuwa nao mimi! Zimwi lilisema vizuri tu. Ila linaishi peke yake, mjukuu wangu. Kila likitaka kusema 'sisi' linatoka neno 'mimi'. Mimi kwa mimi, mimi kwa mimi. Watoto ndani wanacheka."

Kwa nini zimwi lilishindwa? Swali hilo Sungura alikuwa nalo tangu ana miaka mitano.

Bibi alimtazama, kisha akayatoa meno yake, akayafunika kwa leso, akaimba upya. Thithikwathithi. Sauti ilikuwa ileile iliyokuwa ikimlaza, yenye upepo mdogo kati ya maneno. Mjukuu akajikuta ameegemeza kichwa begani kwa bibi, kama mtoto aliyefunguliwa mlango.

Asubuhi mwenye duka alisikiliza kisa chote, akashika kiuno. "Nilete magazeti?"

"Hapana, mzee. Jalada libaki."

Akairekebisha ngano, akafuta ile nusu ukurasa, akachapa mistari mitatu: *Neno la kwenye jalada nimeliandika nilivyolisikia, kutoka kinywa kisicho na meno. Maana yake ni sisi kwa sisi. Asante, bibi.*

Mzee akaisoma, midomo ikijaribu neno kimyakimya.

"Na mwalimu wako wa ukale?"

"Hakukosea sana. Bibi ana miaka themanini na miwili."

Mzee akatoa mashine ya kubania pini, akavuta kiti upande wa pili wa meza, wakaanza kubana.