Siku Niliyowaonyesha Wageni Bata wa Kogo Tabutany

Mpaka leo nikipita Sotik nainamisha kichwa, kwa sababu kuna mwenye duka pale akiniona tu anarefusha shingo na kulia kama bata, na wateja wote wanajua ni mimi ninayechekwa (hata wale wa upande wa Kisii, sijui nani aliwapelekea hiyo habari).

Ilikuwa hivi. Kuna nyumba ya wageni ilifunguliwa kando ya bwawa la shamba la majani chai karibu na kwetu, na meneja wake, Bwana Koros, alikuwa anatafuta mtu wa kutembeza watu wanaopenda kutazama ndege. Hiyo kazi niliitaka mpaka usingizi ukapotea. Na si ati nilikuwa nabahatisha, ndege wa hilo bwawa nawajua: bukini wa Misri, wale wenye doa la kahawia machoni kama mtu aliyepigwa ngumi, nawatambua nikiwa mbali. Koros akaniambia, "Jumamosi nina wageni kutoka Nairobi. Wanamtaka sana bukini mweusi, yule wa mwiba kwa bawa. Ukiwafurahisha, kazi ni yako."

Sasa wiki hiyo hiyo nikaona kitu cheupe kinaogelea peke yake, kikubwa, shingo ndefu, mdomo wa rangi ya chungwa na nundu juu yake. Nikafungua simu. Wueh! Batamaji! Yule wa Ulaya (kwenye kadi za harusi anagusana kichwa na mwenzake mpaka wanafanya umbo la moyo). Kwa simu nundu ilikuwa nyeusi, na ya huyu ilikuwa ya chungwa, lakini nikajiambia labda ni jua la huku. Nikaona nimtupie mkate kidogo asihame. Kesho yake mkate tena, kesho kutwa mkate, na kila nikiondoka nafika nusu njia narudi kuhakikisha bado yuko.

Nikamwambia Koros, Koros akawaambia wageni, wageni wakaambiana, na Jumamosi magari yakajaa mpaka mengine yakaegeshwa kwenye chai. Nikasimama mbele, miguu haitulii, nikasema, "Huyu hajawahi kuonekana Bomet!"

Mama mmoja wa miwani akamtazama sana kwa darubini, akauliza polepole, "Una uhakika si bukini wa kufugwa?"

Nikacheka. Jamani, nilicheka! "Madam, wa kufugwa atafuata nini huku?"

Hapo hapo tukasikia mtu anaita kutoka kwenye chai, na akatokea Kogo Tabutany, nyanya jirani yetu, ameshika kikombe cha mahindi. Batamaji wangu akatoka majini mbio, mabawa wazi, akawapita wenye kamera na kwenda kula mkononi mwake.

"We weri, kijana wewe, kumbe ni wewe umekuwa ukimlisha?" akanifokea. "Nimetafuta bata yangu wiki nzima! Ndiyo inalinda boma yangu, na juzi wameniibia kuku! Si nilitangaza kanisani, na wewe umekaa mbele yangu umeinama?"

(Nilikuwa nimeinama, ndiyo. Nilikuwa naangalia picha za batamaji.)

Watu walicheka mpaka mmoja akakaa chini kwa nyasi. Koros hakucheka. Na katikati ya hizo kelele nikasikia mabawa mazito nyuma ya matete, nikageuka, na alikuwa yeye, bukini mweusi wa mwiba, uso mwekundu, tumbo jeupe, anapaa. Nikapiga kelele, "Huyo! Huyo ndiye mliyemtaka!"

Hakuna hata mmoja aliyegeuka. Yule mama wa miwani alinipigapiga begani kwa huruma, akafunga darubini yake.

Kazi ilienda kwa mtu wa Ndanai. Mimi nimeapa, ndege nisiyemjua nitasema simjui, hata mbele ya nani, maana siku hiyo nilisema ukweli na nikaonekana mwongo, na hiyo ndiyo inaniuma kuliko kicheko chote.