Ukuta wa Siku Kumi na Moja

Syokau alitumbukiza mkono kwenye shimo mpaka kwapani, akautoa umejaa matope meusi yanayonuka. Aliyafinya, yakateleza katikati ya vidole. Hapakuwa na mchanga hata punje. Wanawake wanne waliochimba tangu asubuhi walimtazama, mitungi yao ya njano imelala ubavu nyuma yao. Ilikuwa Septemba ya 2024. Mvua za mwisho wa mwaka uliopita zilikuwa zimebeba madaraja, na bado bwawa la Kyamutie, nje kidogo ya mji mdogo wa Kabati, Kitui, halikuwa na maji hata ya sufuria moja ya chai.

Alisimama akajifuta kwa leso. Angekuwa na huzuni ingekuwa afadhali, maana huzuni alikuwa ameizoea. Kilichompanda kifuani kilikuwa hasira, na hasira hiyo ilikuwa na jina la mtu, na mtu huyo alikuwa rafiki yake.

Bwawa la mchanga si jambo geni Ukambani. Unajenga ukuta wa mawe kukatiza mto mkavu, mvua inakuja na mchanga, mchanga unajaa nyuma ya ukuta na maji yanajificha humo ndani, mahali jua haliyafikii. Kiangazi unachimba kidogo tu, unachota maji safi. Lakini ukuta haupandishwi wote kwa mara moja. Mwaka wa kwanza unaujenga kimo cha goti. Mafuriko yanapita juu yake, mchanga ulio mzito unabaki, tope jepesi linaendelea na safari. Mwaka wa pili, kiuno. Wa tatu, kifua. Ukiujenga wote kwa kiangazi kimoja, maji yanasimama nyuma yake kama kwenye beseni, tope linatulia chini, na umejipatia shimo kubwa la udongo wa kufinyangia vyungu.

Hayo Syokau alifundishwa na fundi Musembi wa Mukuyuni, upande wa Makueni. Wakati huo alikuwa na miaka thelathini na mmoja, mume amemwacha na mtoto wao mmoja, Mwende, naye anabeba mawe katika mwethya, kile kikundi cha kina mama wanaofanya kazi za kijiji kwa zamu. Siku moja aliomba mwiko ajaribu kulaza jiwe. Wanaume walicheka mpaka wakakaa chini. Musembi hakucheka. Alimpa mwiko, akavuta uzi, na jioni akawaambia wale wanaume waje wapime mstari wa mama huyu kwa macho yao. Miaka minane walijenga pamoja, huku na Makueni, na kila kazi ilipokuwa upande wa Mukuyuni Syokau alilala na kula nyumbani kwa Musembi na mkewe Kathini.

Musembi alikuwa na desturi yake. Kila kimo kilipokamilika, alichukua msumari akaandika kwenye saruji mbichi ubavuni mwa ukuta mwaka, kimo, maneno mawili, Ngoja mchanga, na jina lake. Pale Kyamutie aliandika 2020, goti. Akaandika 2021, kiuno. Januari ya 2022 akafa, kifua kikuu, bila kuona kimo cha tatu.

Mwenyekiti wa mwethya wakati huo alikuwa Kavata, na lazima isemwe kwamba hakuwa mtu mbaya. Alibeba mawe akiwa na mimba ya miezi saba. Ukame ulipokuja aligawa chakula cha msaada na mashemeji zake wakapanga foleni kama watu wengine. Aliposema anagombea kiti cha wadi, Syokau ndiye aliyezunguka naye makanisani, akiamini kwa moyo wote kwamba safari hii mtu safi atapita. Wapinzani waligawa unga. Kavata hakuwa na unga. Alichokuwa nacho ni ukuta. Kisha mkubwa mmoja akakubali kuja kuuzindua mwisho wa Julai, wiki mbili kabla ya kura, na mkubwa hatoki Nairobi kuja kuzindua ukuta wa kiuno.

Ukapandishwa mpaka juu ya kichwa cha mtu kwa siku kumi na moja. Ukapigwa plasta, ukapakwa rangi nyeupe, ukawekwa bamba la chuma lenye majina. Syokau alikataa kulaza hata jiwe moja. Kavata alimsihi, kisha akamkaripia, kisha akamwambia akishinda atajenga kuta nyingine nyingi, na hizo zote zitapandishwa polepole kama anavyotaka Musembi wake. Wiki hiyo hiyo jina la Syokau lilikatwa kwenye daftari la mwethya. Kavata alishinda. Syokau alikwenda Makindu kujenga kuta za maduka, akila mchana kwenye hekalu la Masingasinga, wanaolisha wapita njia bure, pamoja na madereva wa malori, mpaka kazi ilipokwisha akarudi nyumbani.

Sasa matope yalikuwa yameonekana, na kijiji kilikuwa kinanung'unika. Siku ya tatu Kavata alikuja mwenyewe, akaketi kwenye kigoda jikoni kwa Syokau kama zamani.

Alikuja na jambo zito. Bunge la kaunti lilikuwa limepitisha kuta sita mpya katika wadi, na alitaka Syokau awe msimamizi wa zote. Kwa maandishi. Mkandarasi hataweza kulaza jiwe bila yeye kukubali. Ila kwanza kulikuwa na mkutano wa Alhamisi, pale mtoni, na watu walitaka kujua nani aliwaharibia bwawa.

"Fundi Musembi ameshakufa, mama Mwende," alisema Kavata. "Hashtakiwi, hafungwi. Sema tu kwamba aliacha mchoro wa ukuta mzima na sisi tukaufuata. Sentensi moja."

"Na nisiposema?"

"Mimi nitaanguka, na atakayechukua kiti hajui mchanga ni nini na matope ni nini. Kuta sita zitakuwa kama hii." Aliinamisha kichwa. "Unanitazama kama mwizi. Nionyeshe aliyefika pale nilipofika akiwa msafi. Mmoja tu. Nitamfuata kwa magoti."

Syokau alitafuta jina la kumtajia, akalikosa. Hilo ndilo lililomkera zaidi. Usingizi ulimpaa siku mbili akizipanga kuta sita kichwani, mto kwa mto, akiwaona kina mama wanaoamka saa tisa kufuata maji. Na upande wa pili, nani? Marehemu mmoja. Jumatano alipanda gari kwenda Mukuyuni, akijiambia kwamba anakwenda kumsalimu mjane, ingawa alijua kabisa anakwenda kuomba ruhusa.

Kathini alikuwa sokoni, anachambua ndengu kwenye ungo. Alisikiliza yote bila kuinua macho.

"Umekuja kuniuliza," alisema mwishowe, "au umekuja kuniaga?"

"Nimekuja kukuuliza, mwaitu," Syokau alimjibu, akimwita mama kwa Kikamba.

"Miaka minane umekula kwenye sahani zangu. Sasa unataka nishike upande mmoja wa jeneza tumzike tena, ili mzigo usikulemee peke yako." Alitupa kijiwe pembeni. "Sishiki. Ukitaka kusema, una mdomo, sema. Lakini usimwambie mtu kwamba Kathini alikubali."

Kisha akamfungia ndengu kwenye karatasi, kilo nzima, kwa kuwa mgeni haondoki mikono mitupu, na hilo likamchoma Syokau kuliko maneno yote. Njia nzima ya kurudi alikaa na kile kifurushi mapajani. Hasira yake kwa Kavata ilikuwa imepata mwenzake, maana sasa alijikasirikia mwenyewe. Kumbe bei yake ilikuwa inajulikana. Kumbe Kavata hakumtukana alipokuja jikoni. Alimjua tu.

Alhamisi saa nne watu walijaa kwenye kitanda cha mto. Mchungaji aliomba, chifu akasema machache, Kavata akamkaribisha fundi wetu, dada yetu, atoe maelezo ya kitaalamu. Syokau alisimama, lakini hakukielekea kipaza sauti. Alitoa nyundo na patasi kwenye kikapu, akaenda ukutani, akapima kwa mkono kutoka chini mpaka kiunoni mwake, akaanza kupiga.

Chifu alimwambia aache mara moja, ile ni mali ya umma. Syokau aliendelea. Plasta nyeupe ilianguka vipande vipande miguuni pake, na chini yake saruji ya zamani ikatokea, ya kijivu, na ndani ya saruji hati iliyokwaruzwa kwa msumari. Aliipangusa kwa leso.

"Soma, Mheshimiwa," alisema.

"Mama Mwende, tafadhali."

"Shule tulisoma pamoja. Soma."

Watu wote walimgeukia Kavata. Alisogea, akasoma kwa sauti ya chini, mwaka, kisha kiuno, kisha yale maneno mawili, kisha jina.

"Huyo ndiye niliyetumwa kumsingizia," Syokau aliuambia mkutano. "Aliwaambia mngoje. Aliyeshindwa kungoja ni huyu, kwa sababu kura hazingoji. Na mimi jana nusura nimsaidie."

Alidhani kitu kitaanguka. Mtu akiubeba ukweli mpaka mbele ya watu anadhani utaanguka kwa kishindo. Kavata alipumua, akachukua kipaza sauti, akamshukuru fundi kwa kugundua tatizo, akasema wataalamu walimshauri vibaya, akaahidi lori la maji kila Jumanne. Nusu ya watu walipiga makofi. Kilichoanguka siku ile ni plasta tu. Mwezi ulipokwisha, usimamizi wa kuta sita ulipewa kijana mmoja wa Kitui mjini ambaye viatu vyake havikuwahi kuona mto.

Lakini Jumatatu iliyofuata ule mkutano Syokau alikuwa mtoni na nyundo, akaanza kuubomoa ukuta kutoka juu. Alikuwa na hasira kiasi kwamba hakuhisi jua. Chifu alituma ujumbe kwamba atamkamata. Jumanne walikuja wanawake wawili. Ijumaa walikuwa kumi na mmoja, wamejipangia zamu wenyewe, wengine wakibomoa, wengine wakizoa matope na kuyapeleka kwenye matuta ya mashamba, na chifu hakuona jinsi ya kukamata mwethya nzima. Wiki tatu. Mawingu ya Oktoba yalipoanza kukusanyika, ukuta ulikuwa umerudi kiunoni.

Siku ya mwisho Kavata alitokea amevaa gambuti, na mpiga picha nyuma yake.

"Nipe nyundo," alisema. "Hata mimi nilibeba mawe hapa."

Ilikuwa kweli. Syokau aliikumbuka mimba ile ya miezi saba, na jiwe lile kubwa juu ya kichwa, na akatamani isingekuwa kweli.

"Nyundo hii hapa," alisema. "Huyo mwenye kamera aondoke kwanza."

Kavata alimtazama mpiga picha. Akautazama ukuta, muda mrefu kuliko Syokau alivyotarajia. Kisha akatazama saa yake, akasema ana mkutano mahali, na gari likapanda mlima.

Wanawake walirudi kazini. Ilibaki kusawazisha juu ya ukuta kwa saruji, na ubao wa kuchanganyia ulikuwa umevunjika. Syokau aliokota lile bamba la chuma la uzinduzi, akaligeuza majina yatazame chini, akamwaga saruji juu yake, akaikoroga kwa mwiko mpaka ikachanganyika. Alipomaliza kulainisha, alitafuta msumari. Akaandika 2024, kiuno tena. Akaandika ngoja mchanga, na hasira ilikuwa bado haijamtoka, kwa hiyo herufi zilitoka nzito, zimezama ndani sana.