Siku Nilipoambiwa Nimelewa Mtindi

Nilitikisa kikombe changu kitupu, na mkuu wa idara, Mkorea, akanijazia mtindi tena. Hapo nikasimama. Nikamwambia mbele ya watu wote: "Sinywi tena. Mwanangu ana miezi minne, saa hizi anataka kunyonya, na wewe umenikalisha hapa kama niko harusini."

Kwetu Oman ukitikisa kikombe maana yake umetosheka. Kwao kikombe kitupu ni aibu ya aliyekaa jirani, lazima akijaze. Basi tulikuwa tunafanyiana adabu mpaka tumbo linataka kupasuka.

Kampuni yao inajenga kiwanda cha kusafisha maji ya bahari nje ya mji wetu wa Sur, mimi karani wa bohari. Kwao Korea, kazi ikisha, idara nzima huenda kula na kunywa pombe. Hapo mdogo humfungulia mkubwa moyo, na asubuhi yake yaliyosemwa ni ya ulevi, hakuna anayeyakumbuka. Kuondoka kabla ya mkubwa hakuna. Sisi Waislamu, basi mkuu akatuheshimu: akaondoa pombe, akaacha mengine yote. Tunakunywa mtindi kwa vifinjani vya kahawa, unapokea kwa mikono miwili, unageuza uso pembeni mkubwa asikuone ukimeza.

Wenye kuudhi zaidi ni wetu. Msimamizi wangu, Mwomani wa ukoo wa Unguja, alishika sheria hizo kuliko Wakorea wenyewe. "Geuza uso, bibie," ananinong'oneza. "Yule mtu mzima." Na watu walikuwa wanalewa, wallahi. Fundi wa umeme alimkumbatia mkuu akilia kwamba hapandishwi cheo. Mhasibu akaimba. Mezani pana wali, kuku na mtindi, basi.

Mimi kifua kinauma, abaya imelowa. Wananinywesha maziwa ya ng'ombe, yangu yanamwagika. Mamangu akanipigia simu, nasikia mtoto analia. "Chupa kaitema. Unakuja au huji?"

Ndipo nikasema niliyoyasema. Mkuu akainamisha kichwa, akaniahidi: kuanzia kesho mwenye mtoto mchanga aende kwake kazi ikisha. Nikarudi nyumbani, nikanyonyesha, roho imetulia.

Kesho yake msimamizi akapita bohari. "Leo tena, baada ya kazi. Samaki."

"Mkuu si kaniruhusu?"

"Ya jana yamekwisha, bibie. Mkuu hakuyaweka moyoni, yako wala yake. Ulikuwa umelewa kidogo."

"Nimelewa nini?"

Akafikiri kwa dhati. "Sote tulikuwa hivyo hivyo."

Nikaenda moja kwa moja ofisi ya wafanyakazi. Nikaandika kwa Kiarabu, wakanigongea muhuri. Kwa Kiswahili ni hivi:

"Mimi mwenye jina hapo juu nalalamika kwamba nalazimishwa kukaa karamuni baada ya saa za kazi, na nina mtoto anayenyonya. Mkuu wa idara aliahidi kuniruhusu niende nyumbani. Naomba ahadi hiyo iandikwe, na aitie saini asubuhi, kabla hajanywa kitu chochote. Nathibitisha kuwa wakati wa kuandika haya nimekunywa maji tu."