Hema Lisilotaka Machozi

Fuuu, kisha kimya, kisha fuuu. Hivyo ndivyo hema la Nzai wa Randu lilivyokuwa likihema, upepo wa kusi ulipoingia kwa mlango na kutafuta pa kutokea. Watu wa Utange waliijua sauti hiyo kama mtu anavyoijua sauti ya jirani mwenye pumu. Ikisikika, basi pana arusi au pana maiti, na kwa vyovyote pana Nzai, amesimama mlangoni na nyundo ya mti mkononi, akiangalia miguu ya watu.

Lilikuwa hema la turubai. Zamani rangi yake ilikuwa kijani, lakini jua lilikuwa limelifanya rangi ya maji yaliyooshewa kunde. Lilikuwa na nguzo mbili, kamba kumi na mbili, na vigingi ishirini na vinne ambavyo Nzai aliviita mambo, kama walivyoviita wapagazi wa zamani. Asubuhi ya kila shughuli alivihesabu kwa sauti, kimoja kimoja.

"Mambo yote yapo," alisema akimaliza.

Naye Ngala, jirani yake, mgema, hakukosa kumjibu kutoka juu ya mnazi: "Yako yapo, Mzee. Yetu sisi ndiyo hayapo."

Hema hilo Nzai alipewa. Katika ujana wake alimtumikia Mzungu mmoja mpimaji ardhi. Jioni alimsimamishia hema, na mchana alishika ncha ya mnyororo wa kupimia. Miaka minane alikaa na ncha ile. Bwana alisimama huku na darubini yake, Nzai akasimama kule na ncha yake, na kilichokuwa katikati kikaandikwa. Walipomaliza kuandika, ilionekana kwamba ardhi yote ina mwenyewe, na mwenyewe si Nzai, wala si baba yake aliyezikwa ndani yake. Bwana akarudi kwao. Kwa uaminifu wake, Nzai akaachiwa hema.

"Mtu kakupima kiwanja mpaka kikaisha," Ngala alimwambia, "kisha kakupa nyumba ya kuhamia. Yule alikuwa na akili."

"Una wivu tu," Nzai alijibu.

Na kweli tulikuwa na wivu. Mwenye shamba aliweza kutuambia siku yoyote tung'oe nyumba zetu, na katika Utange nzima ni Nzai peke yake aliyekuwa na nyumba inayong'oka vizuri.

Hema lilikuja na sheria zake. Viatu vivuliwe nje. Miguu ifutwe, hasa katikati ya vidole. Moto usiwashwe karibu, ila hatua ishirini, na hatua alizipima yeye, maana kupima ndiyo elimu aliyokuwa nayo. Tena mtu asiingie bila kubisha.

"Hodi tatu," alifundisha, kana kwamba watu wa pwani hawakuijua hodi mpaka Mzungu alipowaletea ndani ya sanduku. "Ya tatu usipojibiwa, rudi ulikotoka."

Kwa hivyo katika matanga wafiwa walisimama nje ya msiba wao wenyewe, wakipiga hodi. Jirani yetu Mwanatatu alipofiwa na mama yake, alisahau. Alikuja mbio kutoka kisimani, akauegemeza uso wake kwenye ukuta wa hema, akalia. Nzai akamwendea, akamgusa bega kwa upole wa tabibu.

"Dada," alimwambia, "machozi yana chumvi. Chumvi huozesha turubai. Njoo ulilie hapa mchangani."

Mwanatatu akainua uso, akamtazama. Ndipo Ngala akasema, "Mtii, Mwanatatu. Leo hata marehemu angefuta miguu." Watu wakacheka mbele ya maiti, na Mwanatatu hakuwasamehe Ngala wala Nzai mpaka alipozeeka.

Hayo yalikuwa ya nje. Nyumbani kwa Nzai hapakuhitaji hodi, kwa kuwa mlango ulikuwa umelegea na paa lilikuwa linaona mbingu. Makuti hayakubadilishwa miaka mingi. Mkewe, Kafedha, aliyajua matundu kwa majina: tundu la mtungi, tundu la kinu, na tundu la Kaviha, lililoitwa kwa jina la binti yao aliyelala chini yake mpaka alipopata mume mwenye nyumba ya bati. Mvua ikinyesha, Kafedha alikisukuma kitanda kutoka pembe hii hadi ile. Pembe moja tu ilikuwa kavu daima, na humo, juu ya mawe manne, lilikaa sanduku la hema, limetiwa karafuu wadudu wasiingie. Kitanda kilihama. Sanduku halikuhama.

"Baba Kaviha, makuti," Kafedha alisema kila kiangazi.

"Mvua haijafika."

Mvua ikifika alisema tena: "Baba Kaviha, makuti."

"Nani huezeka nyumba mvua ikinyesha?"

Ukiwa na majibu hayo mawili, hakuna mwezi unaobaki katika mwaka.

Masika ya mwaka wa arobaini na saba, habari ilikuja kutoka Mkomani. Bwana Hamdun, ambaye baba yake ndiye aliyeandikiwa lile shamba letu, alikuwa anamwoza binti yake Ruwaida siku ya Ijumaa, na alilitaka hema. Nzai aliibeba habari hiyo kama mtu aliyebeba yai. Hema lilikuwa linarudi kwa wakubwa, lilikozaliwa. Alitupitia mmoja mmoja, akituuliza kama tumesikia, na tuliosema tumesikia akatusimulia upya.

Jumatano asubuhi mvua ilianza, na haikuwa na haraka ya kwisha. Kabla ya jua kupanda, kipande cha paa kilichokuwa juu ya kitanda kikaanguka, na makuti yaliyooza, na tandu, na maji. Kafedha alikaa kitako kitandani, makuti yamo kichwani.

"Baba Kaviha," alisema, "tukae hemani mpaka makuti yapatikane."

"Hemani?" Nzai alimtazama kama mtu aliyeambiwa wamchinje mbuzi wa jirani. "Hema lina arusi Ijumaa. Likilowa halifungwi. Likifungwa bichi linaota ukungu."

"Na mimi?"

"Wewe nini?"

"Mimi nikilowa nafungwaje?"

 Nzai akavaa kofia yake, akashika njia ya Mkomani kwenda kukagua mahali hema litakaposimama, maana hakuwahi kulisimamisha mahali asipopakagua.

Kule alipokewa na Mwanamkasi, mpishi mkuu wa arusi, mwanamke mnene mwenye mwiko kwapani. Akampitisha kando ya nyumba, akampitisha nyuma ya nyumba, akasimama baina ya kisima na zizi la mbuzi.

"Ni hapa, baba," alisema. "Masufuria sita ya pilau. Shida yetu ni mvua isiingie motoni."

Nzai alitazama mbuzi, na mbuzi wakamtazama. "Na wageni watakaa wapi?"

"Wageni?" Mwanamkasi alicheka mpaka mwiko ukaanguka. "Wallahi, umenichekesha. Wageni wako barazani, chini ya bati. Hema ni la moshi."

Bwana Hamdun akapita na mwavuli wake. Nzai akamwamkia kwa adabu zote.

"Ah, Nzai," alisema yule bwana, "hilo gunia lako lastahimili moto?" Hakungoja jibu.

Nzai alirudi Utange kwa miguu, mvua ikimpiga. Waliposema ardhi si yake, alikunja mnyororo akanyamaza. Mwenye shamba alipoing'oa nyumba ya ndugu yake, Nzai alisema bwana ana haki zake. Lakini hema lake limeitwa gunia, na sasa, akiwa na miaka hamsini na mitano, Nzai wa Randu aliiona dhuluma. Njia nzima aliyapanga maneno ya kwenda kumwambia Hamdun kesho. Hema la Bwana mpimaji haliwi jiko. Liliwekewa meza, liliwekewa ramani. Haliwi jiko. Aliyarudia mpaka yakawa mazuri sana.

Alipokaribia kwake akasikia: fuuu, kisha kimya, kisha fuuu.

Hema lilikuwa limesimama uani, mgongo kwa mvua na mlango kwa nyumba, kama Bwana alivyopenda. Vigingi vimepigwa mshazari sawasawa, na kamba zimelegezwa kidogo, kwa sababu kamba ikilowa hujikaza yenyewe. Kafedha hakufundishwa na mtu. Miaka ishirini alikuwa anatazama tu. Kutoka mlangoni moshi ulitoka taratibu, pamoja na harufu ya papa mkavu anayechemshwa kwa nazi.

Ngala hakupanda mnazi siku hiyo. Alikuwa amekaa chini ya upenu wake, magoti kifuani, akitazama.

"Mzee, mambo yote yapo," alisema. "Nimeyahesabu."

Nzai alilizunguka hema akitafuta kosa. Alijaribu kamba moja, akagusa kigingi, akainama akachungulia mfereji uliochimbwa pembeni kuyageuza maji. Hakuona kosa. Akaingia nyumbani. Paa la pembe kavu nalo lilikuwa limeanguka, na sanduku lilikuwa wazi juu ya mawe yake manne, limejaa maji ya mvua, karafuu zinaelea. Pale kilipokuwa kitanda palikuwa na tope.

Akarudi uani.

"Mama Kaviha, toka humo."

Moshi uliendelea kutoka.

"Hema lina arusi," alisema, akasahau kwamba njia nzima alikuwa akipanga kulikataza lisiende arusini.

Sauti ya Kafedha ilitoka ndani bila kupandishwa. "Hapa huingiwa kwa hodi."

Nzai akamtazama Ngala. Ngala akatazama mawingu.

"Hodi," Nzai alisema, kwa sauti ya mwenye mali.

Upawa uligonga chungu. Hema likahema. Maji ya mvua yalimwingia shingoni, yakateremka mgongoni bila kubisha.

"Hodi humo ndani."

Ndani, chungu kilifunikwa.

"Hiyo ya pili, Mzee," Ngala alisema, kwa msaada tu.

Hakuna mtu Utange ambaye hakujua kinachofuata hodi ya tatu, kwa kuwa Nzai mwenyewe ndiye aliyetufundisha. Aligeuka akaitazama nyumba yake, yaani kule ambako angepaswa kurudi. Kisha akainama. Akavua kiatu kimoja, akavua cha pili, akavipanga kando ya kamba. Akashika pindo la shuka lake, akaufuta mguu wa kulia, akaufuta wa kushoto, akarudi katikati ya vidole, na mvua ikawa inailowesha tena naye anaifuta tena. Halafu akasogea, akauegemeza uso wake kwenye ukuta wa turubai, pale pale Mwanatatu alipouegemeza wake, ili Ngala asisikie.

"Hodi, Mama Kaviha," alisema kwa sauti ya chini kabisa. "Miguu nimeifuta."