Fundi kauliza stoo itabeba nini

Jamani, leo fundi kaniliza, na wala hakukusudia.

Nataka stoo kubwa bustanini, nyuma ya migomba. Nikamwambia aisimamishe juu ya matofali tu, inatosha.

Akauliza, "Mama, utaweka nini? Kama ni vitu vizito, bora tuchimbe msingi wa mawe."

Nikaanza kumtajia. Vitanda vya watoto, maana wote wana miji yao sasa. Kabati la marehemu baba yao. Meza kubwa ya kulia.

Akageuka, akaitazama nyumba.

"Sasa mama, ndani kutabaki nini?"

Nyie, machozi yakanitoka.

Basi tumekubaliana msingi wa mawe. Ila viti viwili havitoki sebuleni.

Kimoja changu. Wewe unayesoma hapa, ukipita Makumira, piga hodi.